Imegoma Nini? Kutafuta Kasoro za BOINC katika Kompyuta ya Linux

Tangu idara ikubali kompyuta nne za maabara ya lugha zichangie nguvu zake katika utafiti wa kisayansi, kuna sentensi moja tuliyozoea kuisikia mlangoni: "Mwalimu, imegoma." Sentensi hiyo ni fupi, sarufi yake haina dosari, na haimsaidii fundi hata kidogo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu iitwayo BOINC inavyofanya kazi katika mfumo wa Linux, kasoro zinazojitokeza mara kwa mara, na namna ya kuzitafuta. Aidha, tungependa kuonesha kwamba sehemu kubwa ya utafutaji huo ni suala la lugha, na kwa hiyo linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Kwa wasioifahamu, BOINC ni programu huria inayoiwezesha kompyuta kufanya hesabu za watafiti walio mbali wakati mwenyewe haitumii, au anapotumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya uongozi wa David Anderson, baada ya mradi wa SETI@home, ulioanza Mei 1999, kuthibitisha kwamba watu wa kawaida wako tayari kuazimisha kompyuta zao. Wazo lenyewe si geni kwetu hapa Uganda. Baganda wana bulungi bwansi, jirani zetu wa Rwanda wana umuganda: kila kaya inatoa mkono, na barabara inatengenezwa. Tofauti ni kwamba hapa mkono unatolewa na prosesa, na barabara haionekani.

Wala matunda yake si ya mbali nasi. Hadi mwaka 2016 kulikuwa na mradi wa MalariaControl.net, ulioendeshwa kutoka Uswisi, ambao ulitumia kompyuta za kujitolea kuigiza kwa hesabu namna malaria inavyoenea na namna hatua mbalimbali za kinga zinavyoweza kuipunguza. Mradi wa Einstein@Home, ulioanza 2005, hutafuta mabaki mazito ya nyota zilizokufa. Mwaka 2010 kompyuta za wananchi wa kawaida wa Marekani na Ujerumani ziligundua, katika data ya darubini-redio ya Arecibo, pulsa ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

Watuhumiwa sita chini ya shuka moja

Turudi kwenye "imegoma". Kiambishi i- kinasimama badala ya nomino ya ngeli ya I-ZI. Ni nomino ipi? Kompyuta imegoma. Programu imegoma. Seva imegoma. Intaneti imegoma. Diski imegoma. Maneno ya kukopa ya uwanja huu yamerundikana katika ngeli hiyo moja, na neno "kazi", ambalo halikukopwa, nalo limo humo humo: kazi imegoma. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha. Katika kutafuta kasoro, kiambishi kimoja kinawafunika watuhumiwa sita kwa shuka moja, na fundi hana budi kuanza kwa kumhoji kila mmoja.

Jambo hili lilikaribia kutugharimu. Katika kikao kimoja ilipendekezwa BOINC iondolewe katika kompyuta zote nne kwa sababu "haifanyi kazi na inakula umeme". Ilipochunguzwa, mashine zilikuwa nzima na programu ilikuwa nzima. Wanachuo walikuwa wamefuata mwongozo wa zamani na kuziunganisha kompyuta mbili na SETI@home, mradi ambao uliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Mashine zilikuwa zikibisha hodi katika nyumba iliyohamwa. Kilichokosekana hapo ni sentensi moja yenye kiima bayana: mradi umefungwa.

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, tuna istilahi za kuridhisha za faili, dirisha na menyu. Istilahi za programu inayofanya kazi nyuma ya pazia hazijapata bahati hiyo. Kwa matumizi ya maabara yetu tumejichagulia maneno machache, tukikusudia yaangukie ngeli tofauti ili kiambishi chenyewe kimtaje mtuhumiwa.

Programu ya nyuma ya pazia, ile inayopokea hesabu, kuzifanya na kuzirudisha, tunaiita mtendakazi. Dirisha lenye vitufe, ambalo watu wengi hudhani ndilo BOINC yenyewe, tunaliita msimamizi. Wote wawili wako katika ngeli ya A-WA. Mwenzetu anayefundisha sintaksia amepinga kuipa programu upatanisho wa viumbe hai, na hoja yake ina uzito, lakini faida ni kubwa: kila mtu anaelewa kwamba msimamizi akienda zake, mtendakazi haachi jembe. Ukifunga dirisha, hesabu zinaendelea. Watafiti wanaogawa hesabu ni mradi. Fungu moja la hesabu linaloletwa kwenye mashine, na ambalo lina siku yake ya mwisho ya kurudishwa, ni kipande. Neno hili tumelipenda zaidi ya yote, kwa kuwa "kazi ya kipande" ni usemi wa zamani wa kibarua anayepimiwa kiasi cha kumaliza. Hatimaye kuna mashine yenyewe, na hiyo tumeiachia i- peke yake.

Neno jingine tulilolibadilisha ni "kumbukumbu" kwa maana ya orodha ya yale ambayo programu imeyafanya na saa iliyoyafanya. Mwanachuo akiambiwa "angalia kumbukumbu", huenda kuangalia kama kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, imejaa. Orodha hiyo sasa tunaiita shajara, na ndiyo mahali pa kuanzia katika karibu kila kasoro. Mtendakazi hanyamazi. Akikataa jambo huandika sababu yake, mara nyingi kwa sentensi moja ya Kiingereza chepesi. Katika dirisha la msimamizi shajara imo chini ya menyu ya zana. Katika dirisha la amri hupatikana kwa

boinccmd --get_messages

Tunawaomba wanachuo wasituletee habari ya kasoro bila mistari ishirini ya mwisho ya shajara. Anayekuja na "imegoma" tu atarudishwa, kwa upole.

Amelala, au ameambiwa apumzike?

Katika Debian na Ubuntu, mtendakazi husakinishwa kama huduma ya mfumo, naye huendeshwa kwa jina la mtumiaji maalumu, boinc. Kujua kama yu macho, andika

systemctl status boinc-client

Jibu likisema amezimwa, unamwamsha kwa amri ya sudo systemctl start boinc-client. Ukitaka aamke mwenyewe kila kompyuta inapowashwa, badilisha neno start liwe enable. Hapo hakuna la kuongeza.

Mara nyingi zaidi yu macho lakini ameambiwa apumzike. Mipangilio ya kawaida humzuia kufanya hesabu kompyuta ya mkononi inapotumia betri, na humsimamisha programu nyingine zinapotumia zaidi ya asilimia 25 ya prosesa. Ukiwa unatazama video huku unashangaa kwa nini vipande haviendi, sababu unayo mbele ya macho yako. Kuna na saa za kazi, ambazo mtu anaweza kuzipanga kisha akazisahau. Tena mipangilio iko mahali pawili: kwenye tovuti ya mradi na ndani ya kompyuta yenyewe. Ile ya ndani ikiwepo, ndiyo inayofuatwa. Kwa hiyo anayebadilisha mambo kwenye tovuti bila kuona mabadiliko yoyote aangalie kama katika folda ya data kuna faili la global_prefs_override.xml. Akilikuta, amemkuta mhusika.

Msimamizi hamwoni mtendakazi

Hii ndiyo kasoro ya Linux hasa, nayo huwakatisha tamaa wageni siku ya kwanza. Dirisha linafunguka, halina kitu ndani, na ujumbe unasema limeshindwa kuunganishwa au nywila si sahihi, ilhali hakuna aliyeulizwa nywila yoyote.

Sababu ni hii. Msimamizi huzungumza na mtendakazi kupitia mlango namba 31416 ndani ya kompyuta hiyo hiyo. (Walimu wa hisabati watatambua tarakimu za pai, na tunadhani waliochagua namba hiyo walikuwa wakitabasamu.) Ili mtu yeyote asiweze kumwamrisha mtendakazi, kuna nywila iliyoandikwa katika faili la gui_rpc_auth.cfg, lililomo katika folda ya data, /var/lib/boinc-client au /var/lib/boinc kutegemea toleo. Faili hilo husomwa na kikundi cha boinc peke yake. Wewe ulikwisha kuingia katika kompyuta kwa jina lako, na jina lako halimo katika kikundi. Dawa ni kuliingiza:

sudo usermod -aG boinc jina

ambapo "jina" ni jina lako la kuingilia. Kisha toka kabisa katika akaunti yako na uingie upya. Kufunga dirisha na kulifungua hakutoshi, kwa kuwa Linux husoma uanachama wa vikundi mtu anapoingia. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, halafu watu wanasema dawa haikufaa. Amri ya boinccmd nayo hutafuta nywila katika folda uliyosimama, hivyo nenda kwanza kwenye folda ya data ndipo uiandike.

Mara chache tatizo ni kuwa na watendakazi wawili. Mtu amesakinisha BOINC ya mfumo, kisha akapakua nyingine na kuiendesha katika folda yake ya nyumbani. Wa pili akiukuta mlango umeshikwa hukataa kuanza, na shajara yake inasema wazi kwamba mwingine yuko kazini. Mwondoe mmoja.

Umenyamaza

Hapa istilahi zetu zina udhaifu, na wasomaji makini wameshauona: mradi ni u-, na mtandao pia ni u-. "Umenyamaza" haitoshi. Inabidi kuuliza swali la pili.

Kwanza tuseme kwamba ukimya si lazima uwe kasoro. Mtendakazi akishindwa kuufikia mradi mara moja husubiri kidogo, akishindwa tena husubiri zaidi, na mwishowe anaweza kukaa saa nyingi kabla ya kujaribu upya. Amefundishwa hivyo kwa makusudi, ili maelfu ya kompyuta zisiivamie kwa pamoja seva iliyotoka kuamka. Mtu aliyerekebisha waya wa mtandao asubuhi anaweza kukuta hadi mchana hakuna kinachotembea. Abonyeze kitufe cha kusasisha mradi, na aache kulaumu waya.

Kisha kuna proksi. Katika vyuo vingi mtandao hupitia kompyuta moja ya katikati, na kisakuzi chako kimeshaelezwa njia hiyo. Mtendakazi hajaelezwa. Yeye si wewe: anaendeshwa kwa jina lake, haoni mipangilio ya kisakuzi chako. Ndiyo maana kurasa zote zinafunguka huku BOINC ikidai hakuna intaneti. Anwani ya proksi inabidi iandikwe ndani ya BOINC yenyewe, katika sehemu ya mipangilio ya msimamizi.

Jambo jingine linalohusu mashine kuukuu zinazofika kwetu kama msaada ni saa. Betri ndogo ya bapa iliyo kwenye ubao mama ikifa, kompyuta huamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Mawasiliano na mradi hulindwa kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine yenye tarehe potovu huvikataa vyote. Shajara italalamikia vyeti, na mwanachuo atahangaika na vyeti siku nzima. Amri ya timedatectl huonesha tarehe ambayo mashine inaiamini. Tarehe ikiwa sahihi na vyeti bado vinakataliwa, huenda ni orodha ya vyeti katika mfumo iliyochakaa. Sasisha mfumo wote.

Mwisho, uliza kama mradi bado upo, na kama una programu ya aina ya mashine yako. Si kila mradi unahudumia prosesa za biti 32 au kompyuta ndogo za ARM. Mradi ukijibu kwamba hauna kipande cha kukupa, hilo ni jibu kamili.

Kimekwama, kimeharibika

Kipande kikifika mwisho hurudishwa kwa hatua mbili: mafaili hupakiwa kwanza, kisha mradi huarifiwa. Kipande kilichoandikwa kuwa kimepakiwa na kinangoja kuripotiwa hakijakwama. Mtendakazi hupenda kukusanya taarifa kadhaa azipeleke pamoja. Kipande kinachongoja RAM au nafasi ya diski nacho kimeeleza haja yake. Kitimizie, au punguza vipande vinavyokwenda kwa wakati mmoja.

Kuharibika ni habari nyingine, na muda wa kuharibika ndio ushahidi. Vipande vyote vikifa ndani ya sekunde chache za kuanza, karibu kila mara kuna kitu kinachokosekana katika mfumo, kama vile maktaba ya programu au ruhusa ya kutekeleza faili. Vipande vikifa baada ya saa kadhaa, tena vingine vikipona, hapo i- inarudi mahali pake: mashine inachemka, au RAM yake ina ubovu. Hesabu hizi huibana prosesa kwa saa nyingi mfululizo kuliko kuandika insha, na vumbi lililojaa kwenye feni, ambalo lilivumilika mwaka mzima, huonekana siku ya kwanza. Fungua kasha, pangusa, pima joto kwa amri ya sensors, kisha upunguze idadi ya prosesa ambazo mtendakazi ameruhusiwa. Mashine inayofanya nusu ya kazi kwa usahihi ina faida kwa watafiti kuliko inayofanya yote kwa makosa. Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwa kompyuta mbili au zaidi ili kulinganisha majibu, na mashine mbovu inamchelewesha hata mwenzake aliye sahihi.

Tungependa kusema neno juu ya dawa inayopendwa kuliko zote, ya kufuta programu na kuisakinisha upya. Tunaikataza maabarani. Kufuta kunaweza kuondoa pamoja na programu vipande vilivyokaribia kukamilika, na kunaweza kuondoa shajara, yaani ushahidi wote. Zaidi ya hayo, hakuna kasoro tuliyoitaja hapo juu ambayo inaponywa hivyo. Proksi itabaki haijaandikwa, betri itabaki imekufa, jina lako litabaki nje ya kikundi.

Umeme na likizo

Umeme ukikatika hasara huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Vipande vingi hujihifadhi kila baada ya muda, na vikirudi huendelea kutoka pale vilipojihifadhi. Likizo ndiyo yenye hasara kubwa. Kompyuta iliyozimwa wiki tatu ikiwa na vipande ndani yake hupitisha siku zake za mwisho, na mradi hulazimika kuvigawa upya kwa wengine, baada ya mtafiti kungoja bure. Wakati wa Pasaka kompyuta moja ilifungiwa na vipande vinane, na vyote vikapitwa na wakati.

Kwa hiyo, siku chache kabla ya kufunga chuo, mtunza maabara auzuie kila mradi usilete vipande vipya:

boinccmd --project ANWANI nomorework

ambapo ANWANI ni anwani ya mradi kama ilivyoandikwa katika orodha ya msimamizi. Vilivyopo viachwe vimalizike na kuripotiwa, ndipo mashine zizimwe. Chuo kikifunguliwa amri ni ile ile, neno la mwisho likiwa allowmorework. Miradi ya hali ya hewa kama climateprediction.net, ambayo kipande chake kimoja huweza kuchukua siku nyingi, isimamishwe mapema zaidi.

Daftari la kasoro liko mezani kwa mtunza maabara. Lina safu za tarehe, namba ya kompyuta, kiima na mistari ya shajara. Katika safu ya kiima andika mojawapo ya haya: mtendakazi, msimamizi, mradi, mtandao, kipande, mashine. Asiyejua aandike "sijui", na tutakaa naye tusome shajara pamoja Ijumaa mchana baada ya kipindi cha isimujamii.